Mtoto wa kike si kosa la mama: Sayansi ya urithi na mila za Tarime na Serengeti

Na Mwandishi Wetu

KATIKA vijiji vingi vya wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, mwanamke aliyejaliwa watoto watano, wote wa kike, huweza kuhesabiwa na ukoo wa mumewe kuwa bado hajazaa. Mabinti wataolewa, ng'ombe wa mahari wataingia zizini, lakini mji utabaki bila mrithi. Swali linalofuata huwa moja: nani amesababisha? Na jibu, kwa miaka mingi, limekuwa moja pia: ni mama.

Jibu hilo si la Wakurya peke yao. Limetolewa na wanafalsafa wa Ugiriki ya kale, likarudiwa na madaktari wa Ulaya na kutumiwa na wafalme kuwatimua wake zao. Wanasayansi walihitaji zaidi ya miaka 2,000 kutambua kwamba jibu hilo lina kasoro, na uthibitisho wenyewe ulipatikana mwaka 1905, yaani miaka 56 kabla ya Tanganyika kupata Uhuru.

Makala haya yanaeleza jinsi fikra za binadamu kuhusu urithi na mageuko ya viumbe zilivyobadilika, na kwa nini mabadiliko hayo yanamhusu moja kwa moja mwanamke wa Tarime na Serengeti anayesubiri kujifungua.

Mji usio na mtoto wa kiume

Wakurya, kama yalivyo makabila mengine mengi ya mkoa wa Mara, huhesabu ukoo kwa upande wa baba. Mtoto ni wa nyumba iliyotoa ng'ombe wa mahari. Mtoto wa kiume ndiye anayebaki katika mji, anayechukua mifugo na ardhi, na ndiye anayetarajiwa kuwatunza wazazi uzeeni. Binti huhesabiwa kuwa mpita njia, kwa kuwa siku moja ataondoka kwenda kujenga mji wa wengine.

Kutokana na utaratibu huo, mwanamke asiye na mtoto wa kiume hukabiliwa na hatari kadhaa. Mume anaweza kuoa mke mwingine kwa matumaini ya kupata mrithi. Anaweza pia kumrudisha mkewe kwao. Na mume akifariki dunia, mjane anaweza kujikuta hana kauli juu ya shamba alilolilima kwa miaka yote ya ndoa yake.

Ni katika mazingira hayo ndipo ilipozaliwa mila inayojulikana kama nyumba ntobhu. Kwa mila hii, mwanamke mtu mzima, mara nyingi mjane au aliyekosa mtoto wa kiume, hutoa ng'ombe na kumwoa msichana. Ndoa hiyo si ya kimapenzi. Msichana huyo huja kuishi naye, hutafutiwa mwanaume wa kuzaa naye, na watoto wanaopatikana huhesabiwa kuwa ni wa nyumba ya yule mwanamke aliyetoa mahari.

Wanaoitetea mila hiyo husema imewapa wajane wengi ulinzi na sauti katika mali zao. Wanaoipinga huonyesha kwamba wasichana wadogo huozwa bila ridhaa yao kwa sababu ya ng'ombe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa kuwa ni muungano wa hiari kati ya mwanamume na mwanamke, hivyo nyumba ntobhu imebaki nje ya sheria hiyo, na migogoro yake hutegemea zaidi uamuzi wa wazee wa ukoo.

Hata hivyo, iwe ni mke wa pili au nyumba ntobhu, nyuma ya hatua zote hizo kuna dhana moja ya kibaiolojia: kwamba kubadilisha mwanamke ni kubadilisha jinsia ya mtoto. Dhana hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa.

Mama kama shamba

Moja ya nadharia za kale zilizodumu kwa muda mrefu kuhusu urithi iliandikwa na Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi katika karne ya nne kabla ya Kristo. Aristotle alifundisha kwamba mbegu ya mwanaume ndiyo inayompa mtoto umbo na uhai, na kwamba mwanamke hutoa malighafi tu, mithili ya mbao anazopewa seremala. Mtoto wa kike, kwa maelezo yake, hutokea pale mbegu ya baba inapokosa joto la kutosha kuitawala malighafi hiyo.

Kabla yake, Anaxagoras alikuwa amedai kwamba watoto wa kiume hutoka upande wa kulia wa mwili na wa kike upande wa kushoto. Waandishi wa maandiko ya tiba yanayohusishwa na Hippocrates walikuwa na mawazo tofauti: walisema baba na mama wote hutoa mbegu, na kwamba mbegu hiyo hukusanywa kutoka viungo vyote vya mwili. Hao walikuwa karibu zaidi na ukweli, lakini sauti ya Aristotle ndiyo iliyosikika kwa nguvu zaidi katika vyuo vya Ulaya.

Mfano wa mama kuwa shamba na baba kuwa mpanzi si mgeni kwa Waafrika wa Mashariki. Husikika katika mazungumzo ya harusi na hata ya vijiweni. Ajabu yake ni kwamba mfano wenyewe unapingana na lawama anazobebeshwa mama. Aliyepanda mahindi hawezi kulilaumu shamba kwa kutoota mtama. Ikiwa mbegu ni ya baba, basi hata kwa mantiki ya mfano huo, aina ya mazao haitokani na udongo.

Historia ya Ulaya nayo imejaa wanawake waliolipia kosa hilo. Mfalme Henry VIII wa Uingereza alimwoa Catherine wa Aragon mwaka 1509. Kati ya watoto aliowazaa, ni binti mmoja tu, Mary, aliyeishi hadi kuwa mtu mzima. Mwaka 1533 ndoa hiyo ilibatilishwa, na mfalme akamchukua Anne Boleyn, ambaye naye mwaka huo huo alijifungua binti, Elizabeth. Anne alikatwa kichwa mwaka 1536. Binti huyo aliyeonekana kuwa hasara ndiye aliyekuja kutawala Uingereza kwa miaka 44, tangu 1558 hadi 1603.

Mwaka 1677 Mholanzi Antoni van Leeuwenhoek alizitazama mbegu za kiume kwa hadubini na kuona vijidudu vinavyoogelea. Baadhi ya wasomi wakaamini kwamba ndani ya kila mbegu amekunjwa mtu mdogo aliyekamilika, na mwaka 1694 Nicolaas Hartsoeker akachapisha mchoro wa mtu huyo jinsi alivyodhani angeonekana. Wasomi wengine walishikilia kuwa mtu huyo mdogo yumo ndani ya yai la mama. Yai lenyewe la mamalia halikuonekana hadi mwaka 1827, lilipogunduliwa na Karl Ernst von Baer.

Mwaka 1876 Mjerumani Oscar Hertwig, akichunguza mayai ya kiumbe mdogo wa baharini mwenye miiba, aliona kiini cha mbegu ya kiume kikiungana na kiini cha yai. Nadharia ya shamba na mpanzi iliishia hapo. Mtoto hutokana na muungano wa wawili, na kila mmoja huleta sehemu yake.

Twiga wa Lamarck, panya wa Weismann

Wakati swali la mbegu likijadiliwa, swali jingine lilikuwa likichemka: viumbe hubadilikaje kutoka kizazi hadi kizazi? Mmoja wa waliojaribu kulijibu alikuwa Mfaransa Jean-Baptiste Lamarck, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1809. Mfano wake maarufu ni mnyama ambaye wakazi wa Serengeti wamemzoea: twiga.

Lamarck alieleza kwamba twiga, kwa kuishi mahali pakavu na kulazimika kula majani ya miti, alijinyoosha shingo siku zote, na kwamba urefu alioupata kwa kujinyoosha ulirithiwa na watoto wake. Kwa maneno mengine, kile ambacho mwili unakipata maishani hupitishwa kwa uzao.

Miaka 50 baadaye, mwaka 1859, Mwingereza Charles Darwin alitoa maelezo mengine. Katika kila kizazi, alisema, viumbe huzaliwa na tofauti ndogo ndogo. Wale ambao tofauti zao zinawafaa katika mazingira yao huishi na kuzaa zaidi ya wengine, na tofauti hizo huongezeka polepole katika jamii. Kwa maelezo haya, twiga hakurefuka shingo kwa kujinyoosha. Waliozaliwa na shingo ndefu kidogo ndio waliofaulu zaidi kuacha watoto. Huu ndio uteuzi wa asili.

Lakini Darwin hakujua tofauti hizo hurithiwa kwa njia gani. Mwaka 1868 alipendekeza kwamba kila kiungo hutoa chembe ndogo zinazosafiri mwilini na kukusanyika katika mbegu za uzazi. Wazo hilo lilifanana sana na lile la Wagiriki wa kale, na halikuthibitishwa.

Mjerumani August Weismann ndiye aliyelikata fundo hilo. Alitoa hoja kwamba chembe za uzazi zimetengwa na sehemu nyingine za mwili, na kwamba yanayoupata mwili hayaingii katika urithi. Ili kuijaribu hoja hiyo, aliwakata mikia panya kwa vizazi vitano mfululizo. Watoto 901 walizaliwa na panya hao, na hakuna hata mmoja aliyezaliwa bila mkia au akiwa na mkia wenye kasoro.

Katika mjadala huo, wanasayansi wa karne ya 19 waliitaja pia tohara kama ushahidi. Jamii zilizowatahiri wavulana kwa mamia ya vizazi ziliendelea kupata watoto wa kiume wasiotahiriwa. Ushahidi huo ungeweza kupatikana Tarime na Serengeti bila hadubini wala maabara, kwani huko nako kila kizazi kimetahiriwa, na kila mtoto amezaliwa kama alivyozaliwa babu yake.

Jambo hilo lina uzito wa pekee katika suala la ukeketaji. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba takriban asilimia 32 ya wanawake wa mkoa wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, ilhali sheria iliyopitishwa mwaka 1998 ilikwishafanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Kila mwezi Desemba, katika miaka ambayo wazee wa mila hutangaza msimu wa ukeketaji, wasichana hukimbilia katika vituo vya hifadhi, kikiwemo cha Masanga wilayani Tarime na kile cha Mugumu wilayani Serengeti.

Wapo wanaosema kwamba mila hiyo imo katika damu ya kabila. Kibaiolojia, kauli hiyo haina msingi. Hakuna binti anayezaliwa na alama ya kisu kilichompitia mama yake au bibi yake. Kila mmoja huja duniani akiwa mzima. Mila hupitishwa kwa kufundishwa, wala si kwa kuzaliwa nayo, na kinachofundishwa kinaweza pia kuachwa.

Njegere za mtawa

Wakati Darwin akihangaika na swali la urithi, jibu lilikuwa tayari limeandikwa. Mtawa Gregor Mendel, aliyeishi katika mji wa Brno, ambao leo uko Jamhuri ya Czech, alitumia miaka kadhaa kupandikiza njegere katika bustani ya monasteri yake, na mwaka 1866 akachapisha matokeo.

Mendel alichanganya njegere zenye mbegu za mviringo na zile zenye mbegu zilizokunjamana. Kizazi cha kwanza chote kilikuwa na mbegu za mviringo, kana kwamba ile sifa ya kukunjamana imetoweka. Lakini alipoiacha mimea hiyo ijizalishe yenyewe, alipata mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zilizokunjamana, yaani takriban tatu kwa moja. Sifa iliyodhaniwa kupotea ilikuwa imejificha tu.

Wafugaji wa Tarime na Serengeti wanalifahamu jambo hili kwa macho. Fahali mweusi na ng'ombe jike mweusi huweza kuzaa ndama mwekundu, na mzee mwenye kumbukumbu nzuri akaeleza kwamba rangi hiyo ni ya bibi yake ndama. Mendel alionyesha sababu yake: kila mzazi ana nakala mbili za kila kigezo cha urithi, lakini humpa mtoto nakala moja tu. Nakala iliyofunikwa kwa mzazi inaweza kujitokeza kwa mtoto ikikutana na mwenzake.

Kazi ya Mendel haikutiliwa maanani. Alifariki dunia mwaka 1884, na miaka 16 baadaye, mwaka 1900, wanasayansi watatu wa Ulaya, Hugo de Vries, Carl Correns na Erich von Tschermak, waliifufua. Tangu hapo sayansi ya urithi ilisonga mbele kwa kasi.

Jibu la mwaka 1905

Aliyetoa jibu la swali la wanavijiji wa Mara alikuwa mwanamke. Nettie Stevens, mtafiti wa Kimarekani katika Chuo cha Bryn Mawr, Pennsylvania, alikuwa akichunguza chembe za uzazi za mdudu anayeishi katika unga. Mwaka 1905 alieleza kwamba chembe za mwili za jike zilikuwa na kromosomu 20 kubwa, na za dume zilikuwa na 19 kubwa na moja ndogo. Mayai yote ya jike yalifanana. Mbegu za dume zilikuwa za aina mbili: nusu zilibeba ile kromosomu ndogo, na nusu zilibeba kubwa.

Stevens alihitimisha kwamba aina ya mbegu ya dume inayolifikia yai ndiyo inayoamua jinsia. Mwaka huo huo mwanasayansi mwingine wa Kimarekani, Edmund Wilson, alifikia hitimisho linalokaribiana na hilo kwa kuchunguza wadudu wengine.

Kwa binadamu, utaratibu ni huo huo. Kila mtu huwa na kromosomu 46, zilizopangika katika jozi 23. Katika jozi moja, mwanamke ana kromosomu mbili za aina ya X, na mwanaume ana X moja na Y moja. Mama, kwa kuwa ana X pekee, humpa kila mtoto X, awe wa kike au wa kiume. Baba ndiye mwenye aina mbili za mbegu. Mbegu yenye X ikilifikia yai, mtoto huwa wa kike. Yenye Y ikilifikia, huwa wa kiume. Mwaka 1990 watafiti waliitambua jeni iliyo katika kromosomu Y ambayo huanzisha maumbile ya kiume katika mimba.

Wapenda kuku watafurahi kujua kwamba kwa ndege mambo ni kinyume. Mtetea ndiye mwenye kromosomu za aina mbili, na ndiye anayeamua jinsia ya vifaranga. Kama binadamu angekuwa kuku, lawama za ukoo zingekuwa na shabaha. Lakini binadamu si kuku.

Je, baba sasa ndiye wa kulaumiwa? La hasha. Baba hachagui ni mbegu ipi itakayotangulia, kama vile arushaye shilingi hewani asivyochagua upande utakaoangukia juu. Katika kila mimba, uwezekano ni karibu nusu kwa nusu, ingawa duniani kwa jumla wavulana wanaozaliwa huwazidi wasichana kidogo.

Hesabu rahisi inaonyesha kwa nini nyumba zenye mabinti watupu haziwezi kukosekana. Uwezekano wa watoto wanne wote kuwa wa kike ni moja katika 16. Kwa hiyo, katika kila familia 1,600 zenye watoto wanne, zipo takriban 100 zenye mabinti watupu, na nyingine 100 hivi zenye wavulana watupu. Kwa watoto watano ni moja katika 32, na kwa sita ni moja katika 64. Hakuna mkosi katika hesabu hiyo, wala laana ya mizimu, wala hila ya mama mkwe.

Kwa hiyo mume anayeoa mke wa pili ili apate mtoto wa kiume huenda nyumba ya pili na mbegu zile zile. Na msichana aliyeozwa nyumba ntobhu kwa matumaini ya kuzaa mrithi naye huanza na bahati ile ile ya nusu kwa nusu. Ng'ombe hawawezi kuibadilisha.

Musoma yaingia vitabuni

Mkoa wa Mara una nafasi yake pia katika historia ya sayansi hii. Anthony Allison, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alianza kukusanya sampuli za damu Afrika Mashariki mwaka 1949 akiwa mwanafunzi wa Oxford. Aliona jambo la kushangaza: chembe za damu zenye umbo la mundu, zinazohusiana na ugonjwa wa selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita, zilikuwa nyingi kwa watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria, lakini adimu kwa watu wa nyanda za juu.

Selimundu hurithiwa kwa kanuni ya Mendel. Mtoto huugua akipata nakala yenye kasoro kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Akipata moja tu, huwa mbebaji, na kwa kawaida huishi bila kuugua ugonjwa huo. Swali lilikuwa hili: kwa nini kasoro inayoua watoto haikutoweka? Mwaka 1954 Allison alitoa jibu: mbebaji wa nakala moja ana kinga dhidi ya malaria kali. Pale penye mbu wengi, nakala hiyo huua wachache na kuokoa wengi.

Miongoni mwa takwimu alizochapisha mwaka 1956 ni za wilaya ya Musoma ya wakati ule, iliyokuwa kubwa kuliko ya leo na kufika hadi nchi ya Waikoma na Wanata, ambayo sasa ni ya wilaya ya Serengeti. Kati ya watoto wachanga 287 waliopimwa, 189 hawakuwa na nakala ya selimundu, 89 walikuwa na moja na tisa walikuwa na mbili. Kati ya watu wazima 654, waliokuwa hawana walikuwa 400, wenye moja 249 na wenye mbili watano tu.

Maana yake ni nzito. Wenye nakala mbili walikuwa zaidi ya watatu katika kila watoto 100, lakini hawakufika hata mmoja katika kila watu wazima 100. Wengi walikuwa wamefariki utotoni. Wabebaji wa nakala moja nao walikuwa asilimia 31 ya watoto na asilimia 38 ya watu wazima, kwa kuwa malaria ilikuwa imewapunguza wale wasio na kinga hiyo. Uteuzi wa asili aliouandika Darwin ulikuwa umepimwa kwa namba, katika damu ya watu wa Mara. Takwimu hizo hufundishwa vyuoni hadi leo.

Somo kwa wazazi ni la moja kwa moja. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani. Inakadiriwa kuwa ni watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Katika familia nyingi, mama ndiye wa kwanza kuulizwa amemletea mtoto ugonjwa kutoka kwao. Lakini mtoto hawezi kuugua selimundu kwa urithi wa upande mmoja. Lazima baba na mama wote wawe na nakala hiyo, na ikiwa wote ni wabebaji, uwezekano wa kila mimba kuwa na ugonjwa ni robo. Kipimo cha damu kabla ya ndoa huweza kuwaonya wachumba mapema.

Urithi wa damu na urithi wa shamba

Neno urithi katika Kiswahili lina maana mbili: sifa anazopewa mtoto na wazazi wake kwa kuzaliwa, na mali anayoachiwa. Sayansi imeijibu maana ya kwanza. Lakini hapana budi kukiri kwamba shinikizo la kupata mtoto wa kiume linatokana zaidi na maana ya pili. Mama hulaumiwa kwa sababu ya kromosomu, ilhali kinachogombewa ni shamba na ng'ombe.

Katika eneo hilo pia mambo yamebadilika. Tamko la sheria za kimila la mwaka 1963 lilimweka binti daraja la mwisho katika kurithi na kumzuia kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi. Mwaka 1990, Mahakama Kuu mjini Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, iliamua katika shauri lililotoka Kagera kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanaume ya kuiuza ardhi hiyo, kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inakataa mila yoyote inayomnyima mwanamke umiliki au matumizi halali ya ardhi.

Pale binti atakapoweza kubaki na shamba la baba yake bila ugomvi, na mjane akaweza kuishi katika mji wake bila kulazimika kununua mrithi kwa ng'ombe, mtoto wa tano wa kike hatakuwa msiba kwa mtu yeyote.

Hadi hapo, mwanamke wa Tarime au Serengeti mwenye mabinti watano na mimba ya sita tumboni anayo haki ya kujua mambo mawili. La kwanza, jinsia ya mtoto aliyembeba iliamuliwa siku ile yai lake lilipokutana na mbegu ya mumewe, na yeye hakuwa na kura. La pili, bahati ya mimba hii ni ile ile iliyokuwapo katika mimba yake ya kwanza: nusu kwa nusu.